Thomu ya Bibi na Vidonge vya Rangi Mbili

Mzee alininyooshea simu juu ya kaunta nisikilize. Sauti ya mtu asiyejitaja jina, anapaza kama wale wanaonadi samaki pale Deep Sea asubuhi: wazungu wamepima maabara, wamekuta kitunguu saumu, thomu yetu hii, kina nguvu mara mia kuliko antibiotiki, na wenye viwanda vya dawa wanaficha wasije wakalala njaa. Kinachotakiwa ni punje saba za thomu alfajiri kabla hujaonja kitu, siku saba, na ukimaliza kusikiliza mrushie na mwenzako.

"Sasa mwanangu, wewe ndiye mtu wa dawa," akaniambia. "Hii kweli, au wanatufanya watoto?"

Nimeuza dawa miaka tisa katika duka la dawa muhimu huku Makorora, Tanga, na swali hilo nimeulizwa na watu wa kila namna: mama mwenye mtoto anayetoka usaha sikioni, kijana aliyepata alichokipata huko alikokipata na hataki kukitaja, mfugaji wa kuku wa Pongwe. Kwa kawaida najibu mkato maana kuna watu wanasubiri nyuma. Siku ile hapakuwa na mtu. Mvua ya vuli ilikuwa imewafungia wateja mabarazani kwao, na mzee alikuwa siku ya tano anakojoa kwa maumivu, kwa hiyo hakuwa na safari nyingine isipokuwa ya chooni.

Nikamwambia: ni kweli, baba. Halafu ikanichukua karibu nusu saa kumweleza kwa nini ukweli huo haumsaidii yeye. Mengi ya hapa chini nilimwambia yeye. Mengine yalinijia baada ya kufunga duka.

Hiyo "mara mia" ina kwao. Mwaka 2012 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, walichukua dialili salfaidi, mmoja wa misombo ya salfa iliyomo kwenye thomu, wakaujaribu kwa bakteria aitwaye Campylobacter, yule anayewaharisha watu waliokula kuku ambaye hajaiva. Bakteria hawa wakikaa pamoja hujifunika utando wa ute, kama ule unaoupapasa ndani ya mtungi uliosahaulika kusuguliwa, na dawa hupenya humo kwa taabu. Msombo ule ulipenya, ukawaua ndani ya utando wao kwa nguvu mara 100 ya antibiotiki mbili, erithromaisini na siprofloksasini. Wasambazaji wa sauti hukatia hapo. Watafiti wenyewe waliendelea wakaeleza matumizi waliyoyafikiria: kusafishia meza na mashine za viwanda vya chakula, kusaidia kuhifadhi nyama. Klorini ya kuoshea choo nayo huua bakteria wengi kuliko amoksilini, na sijaona mtu akiinywa kijiko kutwa mara tatu.

Mimi thomu niliijua kabla sijajua kidonge. Bibi yangu, Ngamiani, Barabara ya Kumi na Mbili, alikuwa na kinu kidogo cha thomu peke yake. Ole wako utwangie iliki humo. Aliweka punje, akazipiga mara mbili kwa ubavu wa mchi ganda liachie, akalipuliza ganda likaruka, kisha ndipo akaanza kutwanga kwa chumvi kidogo ili zisiteleze. Nilikuwa nakaa chini karibu na kinu, na kitu kilichonishangaza utotoni sikupata jibu lake mpaka ukubwani: punje nzima, iliyomenywa bila kuchubuka, hainuki. Iweke puani ujaribu. Mchi ukishuka tu, harufu imefika barazani.

Sababu ni kwamba kile tunachokiita nguvu ya thomu hakimo ndani ya thomu. Kwenye seli zake kuna kitu kinaitwa aliini, kimya, hakina harufu. Katika chumba kingine cha seli hiyo hiyo kimefungiwa kimeng'enya kinachoitwa aliinasi. Panya akitafuna, mdudu akitoboa, au mchi wa bibi ukigonga, kuta zinabomoka, wawili hao wanakutana, na kwa muda wa sekunde tu wanazaa alisini. Ni mtego ambao mmea umejitegea dhidi ya walaji. Gramu moja ya thomu mbichi iliyopondwa hutoa alisini kama miligramu 2.5 hadi 4.5. Ukiitia punje nzima kwenye maji yanayochemka, kimeng'enya hufa kwa moto kabla hakijakutana na mwenziwe, na unabaki na mchuzi mtamu.

(Na tuliweke sawa moja tukiwa hapa. "Saumu" ya kitunguu haina uhusiano na saumu ya Ramadhani, ingawa nimesikia mtu akihubiri hivyo kwenye daladala. Neno limetoka kwenye Kiarabu, thum, na sisi wa pwani tunaosema "thomu" ndio tuko karibu zaidi na asili yake.)

Waliokuwa wa kwanza kuitenga alisini ni Chester Cavallito na John Hays Bailey, wanakemia wa kampuni ya dawa huko New York, mwaka 1944. Angalia mwaka huo: vita vimepamba moto, penisilini ni adimu, kila maabara inasaka ndugu yake. Waliilinganisha na penisilini wakakuta miligramu moja ya alisini inafanya kazi ya yuniti kama 15 (yuniti ni kipimo cha nguvu ya penisilini), wakati miligramu moja ya penisilini safi ina zaidi ya 1,600. Yaani kama asilimia moja. Hapo ungedhani wangefunga daftari. Kilichowavutia ni kwamba penisilini ya wakati ule ilikuwa haiwagusi bakteria wengi wa tumboni, na alisini iliwapiga hao pamoja na wale wanaouawa na penisilini, bila ubaguzi. Miaka minne baadaye Arthur Stoll na Ewald Seebeck, wa Basel, Uswisi, wakaeleza aliini ni nini na alisini inatokaje humo. Tangu hapo imepita miaka mingi, na duka langu halina kidonge cha alisini cha kutibu maambukizi. Sidhani kuna mtu amekificha.

Alisini hutafuta protini zenye mikono ya salfa na kuikamata. Bakteria ana vimeng'enya vingi vya namna hiyo, na alisini inavibana vyote kwa mpigo, tofauti na penisilini ambayo ina sehemu yake moja ya kuvuruga, ujenzi wa ukuta wa bakteria. Kwa hiyo bakteria haponi kwa kubadilisha kitasa kimoja. Shida ni kwamba mikono hiyo ya salfa tunayo na sisi. Seli zetu zimejaa glutathioni, kitu chenye mkono huo huo wa salfa, na alisini ikigusana nayo imekwisha. Ukila thomu mbichi, alisini inagombana na chakula, na ute wa tumbo, na ukuta wa utumbo, na chembe za damu, mpaka inamalizika njiani. Watu wamelishwa hadi gramu 25 za thomu mbichi, damu yao ikapimwa, na alisini haikuonekana.

Mzee hakukubali haraka. "Mbona nikiila mke wangu anahamia chumba cha watoto? Si imeingia mwilini hiyo?"

Swali zuri kuliko mengi niliyoulizwa darasani. Harufu ile ni ya msombo mwingine, alili methaili salfaidi, ambao ni mabaki baada ya mwili kuichambua thomu. Huo ndio unaozunguka na damu na kutokea mapafuni kwa saa nyingi, hata usukutue mdomo kwa mswaki na karafuu. Sisi Waislamu tumefundishwa tangu madrasa kwamba aliyekula thomu mbichi asiwakaribie wenzake msikitini, na ustadhi wetu hakusema kwamba kupiga mswaki kunaondoa udhuru. Kinachofika mapafuni ni majivu, nilimwambia mzee. Moto wenyewe ulizimikia tumboni. Na kwenye kibofu, ambako ndiko penye ugonjwa wako, hakufiki kitu cha kumtisha bakteria.

Kuna jaribio dogo la mwaka 1999, Houston, Texas, ambalo nalipenda kwa unyenyekevu wake. Helicobacter pylori, bakteria wa vidonda vya tumbo, hufa kwa maji ya thomu kwenye sahani ya maabara. Na yeye anaishi tumboni kwenyewe, mlangoni kabisa, huhitaji hata kusubiri damu. Wakawapa watu waliokuwa naye chakula chenye punje 10 za thomu mbichi, wakapima pumzi zao. Bakteria hakutikisika. Wakawapa dawa ya kawaida ya bismathi, akapungua. Kama thomu imeshindwa na jirani wa mlango wa kwanza, mzee, nisikudanganye kuhusu wa mlango wa nyuma.

Upande wa pili nao niuseme, maana sipendi watu wa dawa wanaocheka mitishamba huku wakiwa hawajaisoma. Katika wilaya ya Linqu, China, watu zaidi ya 3,300 walifuatiliwa, baadhi wakipewa virutubisho vya thomu kwa zaidi ya miaka saba. Matokeo ya kwanza, mwaka 2006, hayakuonyesha kwamba thomu ilizuia vidonda vinavyoelekea kwenye saratani ya tumbo. Wiki mbili za amoksilini na omeprazoli ndizo zilizosaidia. Lakini walipohesabu tena baada ya miaka 22, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa wachache zaidi kati ya waliopewa thomu kuliko kati ya wenzao. Hilo ni jambo la chakula na umri mrefu. Halihusiani na mtu mwenye homa leo.

Na kuna ule mkasa wa dawa ya macho. Kitabu cha tiba cha Waingereza wa karne ya 10 kina maelekezo: thomu na mmea mwingine wa jamii ya vitunguu, vitwangwe pamoja, vitiwe mvinyo na nyongo ya ng'ombe, vikae siku tisa kwenye chombo cha shaba. Mwaka 2015 watafiti wa Nottingham waliifuata kwa karibu walivyoweza wakaijaribu kwa bakteria sugu wa vidonda anayesumbua hospitali kote duniani. Kwenye vipande vya kidonda vya panya iliua kama asilimia 90. Walipojaribu kiungo kimoja kimoja, nguvu ilipotea. Kazi ya baadaye ilionyesha kwamba alisini peke yake haitoshi kueleza kinachotokea mle. Bibi asingeshangaa. Kila dawa yake ilikuwa na "na": thomu na habasoda, thomu na mafuta ya nazi, thomu na chumvi.

Nguvu ya thomu mbichi mimi nina alama yake mguuni. Nilikuwa na miaka kumi na moja hivi, maji yamekupwa, tunaokota kombe Sahare, nikajikata unyayo. Shangazi alinitwangia thomu, akaibandika kwenye jeraha, akafunga kitambaa cha kanga mpaka asubuhi. Usiku nililia nikaambiwa nivumilie, dawa inafanya kazi. Ilikuwa inafanya kazi kweli. Asubuhi kitambaa kilipofunguliwa ngozi iliyozunguka jeraha ilikuwa imevimba malengelenge kama niliyemwagiwa uji wa moto. Jeraha lenyewe lilipona kwa wiki moja. Kuungua kulichukua karibu mwezi. Shangazi hakuwa mjinga. Alijua thomu inaua, hakujua haichagui. Visa vya watoto walioungua kwa thomu iliyofungwa kwenye ngozi viko vingi kwenye majarida ya madaktari, kwa hiyo akija mama na ile habari ya kumdondoshea mtoto thomu sikioni, hapo sina upole.

Mwaka 2020 nao tuliupita wote. Nyungu kila nyumba, na punje za thomu zikichemka humo na mchaichai na malimao. Shirika la Afya Duniani lilisema wazi wakati ule kwamba thomu ni chakula kizuri ila hakuna ushahidi kwamba inakinga na korona. Kinachonichekesha ni kwamba wazo la mvuke si la kipuuzi. Watafiti wa Aachen, Ujerumani, mwaka 2017 walionyesha kwamba mvuke wa alisini unaua bakteria wa mapafu, hata waliokuwa sugu kwa dawa nyingi. Kwenye sahani, tena. Lakini mvuke ule ulitoka kwenye alisini yenyewe. Sisi tulichemsha punje nzima, tukaua kimeng'enya, tukajifunika blanketi tukavuta harufu ya mchaichai.

Kuna swali moja ambalo huwa sisubiri kuulizwa. Mtu akinunua thomu ya vidonge, namuuliza taratibu kama kuna dawa nyingine anayotumia kila siku. Jaribio lililochapishwa mwishoni mwa 2001 na watafiti wa taasisi za afya za serikali ya Marekani lilikuta kwamba virutubisho vya thomu vilipunguza kwa karibu nusu kiasi cha sakwinaviri, dawa ya VVU, kwenye damu. Wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda nao wapunguze mkono. Ya kwenye pilau haina neno. Nazungumzia kula kama tiba. Na Afrika Kusini tuliona mwisho wa njia hiyo: waziri wa afya akisifia thomu na viazisukari vyekundu mbele ya ulimwengu huku serikali ikichelewesha dawa za VVU. Watafiti wa Harvard walikadiria mwaka 2008 kwamba ucheleweshaji ule uligharimu maisha zaidi ya 330,000.

Hata ile hoja kwamba bakteria hawawezi kuizoea thomu ina tundu. Watu hao hao wa Aachen walimenya punje ya thomu wakamkuta humo bakteria anayeishi raha mustarehe. Walipomchunguza, matokeo yaliyotoka mwaka 2020, alikuwa na kundi la jeni za kumlinda na alisini. Ukikaa karibu na silaha muda mrefu unajifunza kuikwepa.

Sasa niseme langu, maana nimewasema wengine vya kutosha. Mteja wa rangi mbili, vile vidonge vya antibiotiki, mnamjua: anaingia, hasemi anaumwa nini, anasema "nipe rangi mbili za mia tano." Nimeuza. Miaka yangu ya mwanzo, mwenye duka akiangalia mauzo ya jioni, nilikata vidonge vinne kwa mkasi nikavitia kwenye kibahasha, nikijua dozi ni siku tano au saba. Alexander Fleming alipopokea Nobel mwaka 1945 alilionya hilo hilo, mtu kujipa penisilini kidogo isiyotosha na kuwafundisha vijidudu kuihimili. Mwaka 2019 usugu wa bakteria ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na kiwango kilikuwa kibaya zaidi Afrika kusini mwa Sahara. Vile vibahasha vyangu vimo humo. Yule anayeuza punje saba kwenye simu anawauzia watu ambao rangi mbili zetu zimeacha kuwaponya, na nadhani hiyo ndiyo sababu wanamsikiliza.

Mfugaji wa Pongwe, yeye nilimwambia tofauti. Anawapa kuku oksitetrasaiklini kwenye maji hata wasipoumwa, "kinga," anasema. Ulaya walipiga marufuku antibiotiki za kukuzia mifugo kuanzia Januari 2006, na tangu hapo watu wanajaribu thomu kwenye chakula cha kuku, matokeo yakipanda na kushuka. Nikamwambia kama lazima atie kitu kila siku, basi atie thomu, ile dawa aiache kwa kuku mgonjwa na mganga wa mifugo. Alisema thomu ni ghali. Kweli, bei ya soko la Mgandini mwezi ule ilikuwa haisemeki.

Mzee nilimwandikia kikaratasi aende hospitali wauoteshe mkojo maabara waone ni bakteria gani na dawa ipi inamuweza, na sikumuuzia kitu. Alirudi baada ya wiki na nusu, jua kali, karatasi ya majibu imekunjwa mara nne mfukoni mwa kanzu. Tukaifungua juu ya kaunta. E. koli, bakteria wa utumboni. Mbele ya ampisilini, R. Kotrimoksazoli, R. Siprofloksasini, R. Chini kabisa jentamaisini, S, na hiyo ndiyo aliyokuwa amemaliza kuchomwa. Nikamweleza kwamba R ni sugu, dawa imeshindwa, na S ni ile inayomuweza.

Akapitisha kidole kwenye orodha taratibu, kutoka juu hadi chini, kisha akageuza karatasi kuangalia nyuma.

"Na thomu," akauliza, "hawakuipima?"